Nani Alimtwika Mmarekani Neno "Tote"?



Leo nimekuja na neno la Kiingereza ambalo baadhi yenu mnalo begani hivi sasa. Nasema ile mifuko ya kitambaa kizito, yenye mikono miwili mirefu, haina zipu, haina kifuniko, na ubavuni pamechapwa jina la benki, la semina au la mwanamuziki. Ilizagaa zaidi baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mama zetu wanaiita mifuko, basi, wala hawajapungukiwa na kitu. Vijana wanaiita tote bag. Ukiwauliza hilo tote ni nini, watakwambia ni aina ya mfuko, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kumbe mfuko ni mjukuu tu. Jina tote bag linaonekana katika maandishi kuanzia mwaka 1900. Babu yake ni kitenzi, na kitenzi hicho kilikuwa kimeshazeeka kwa zaidi ya miaka 200. Litamkeni "tout", msilisome kama mwisho wa "watu wote". Maana yake ni kubeba, na kiini chake ni kubeba kitu chenye uzito kwa mwili wako mwenyewe: mkononi, begani, mgongoni au kichwani. Mtu anayetembea na bastola kiunoni, magazeti ya Marekani hulitumia neno hili kumweleza. Kusini mwa nchi hiyo palikuwa na usemi kwamba fulani ana-tote kwa haki, yaani ni mwaminifu, anabeba fungu lake wala hamlalii mwenzake.

Kuna dai linalozunguka, hasa kwenye simu, kwamba neno hili ni Kiswahili tupu kilichoibwa na Wazungu. Nitalifikia, msiwe na haraka.

Kwanza nimwondoe mgeni asiyealikwa. Uingereza na Australia, ukitaja tote, wengi watafikiria kamari ya farasi. Hilo ni neno jingine, kifupi cha totalizeta, mtambo wa kujumlisha dau. George Julius alifunga mtambo wa kwanza wa aina hiyo unaojiendesha wenyewe katika uwanja wa Ellerslie, mjini Auckland, New Zealand, mwaka 1913. Asili yake ni Kilatini cha "jumla" na halina undugu wowote na mzigo. Wamefanana majina, kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja. Tumwache na farasi wake.

Letu sisi linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1677, Virginia, wakati huo koloni la Waingereza. Mwaka mmoja nyuma yake, mlowezi mmoja aitwaye Nathaniel Bacon alikuwa ameongoza uasi dhidi ya gavana Sir William Berkeley. Waasi waliuteketeza mji wa Jamestown mwezi Septemba 1676. Mwezi uliofuata Bacon akafa kwa maradhi ya kuhara damu na uasi ukaanza kuyeyuka. Mfalme Charles wa Pili akatuma makamishna kutoka London waje kusikiliza malalamiko ya watu, wilaya kwa wilaya.

Watu wa wilaya ya Gloucester nao wakaandika yao. Mojawapo lilihusu wanaume waliotolewa kwenda kulinda mipaka dhidi ya Wahindi Wekundu. Walipofika huko, mkubwa wao akawaamuru wakate miti, wapasue magogo, na wa-toat fito za uzio. Ndivyo walivyoliandika, kwa "oa". Mtu ameacha mke na tumbaku yake shambani, amebeba bunduki kwenda kulinda nchi, halafu anageuzwa kibarua wa kujenga ua. Ungekuwa wewe ungenung'unika vilevile.

Ila angalieni neno lilivyokaa katika sentensi yao. Hawakulifafanua. Hawakusema "kama wasemavyo watu wa huku". Waliliandika kama unavyoandika "kula" au "kulala" katika barua inayokwenda kwa wajumbe wa mfalme. Maana yake ni kwamba mwaka 1677 neno hilo lilikuwa tayari la kila siku katika vinywa vya wakulima wa Virginia, na huenda lilikuwa limekaa huko muda mrefu bila mtu kuliandika. Maneno ya kazi za mikono huchelewa kufika kwenye karatasi, kwa sababu wanaobeba mizigo mara nyingi si wao wanaoshika kalamu.

Sasa walilitoa wapi? Wataalamu wamelitafuta Uingereza kwenyewe, katika vitabu na katika lahaja za vijijini, na hawakumpata mzazi wa kuaminika. Lilizaliwa ng'ambo, au lilifika ng'ambo kwa meli nyingine.

Tugeukie hizo meli nyingine. Agosti 1619, meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na ushei. Walikuwa wameporwa baharini kutoka kwenye meli ya watumwa ya Wareno, São João Bautista, iliyotoka Luanda ikielekea Veracruz, Mexico. Wareno wa Luanda walikuwa wakati huo wanapigana na ufalme wa Ndongo, na wanahistoria wanakubaliana kwamba wengi wa watu hao walikuwa wa Ndongo na nchi za jirani. Lugha ya huko ni Kimbundu. Na kwa Kimbundu, kubeba ni tuta.

Kaskazini yake kidogo, kwa Kikongo, kuna tota, maana yake kuokota, kukusanya kutoka chini. Vukeni bahari sasa. Katika Kigullah, lugha ya Wamarekani Weusi wa visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia, kubeba ni tot. Rudini Afrika ya Magharibi, katika Kikrio cha Sierra Leone ni tot vilevile, na katika Pijini ya Kameruni ni tut. Kuhusu Kikrio kuna jambo la kufikirisha. Mwaka 1792, Waafrika wapatao 1,190, wengi wao waliokuwa watumwa katika makoloni ya Marekani, walisafiri kwa meli 15 kutoka Halifax, Kanada, wakaenda kuanzisha mji wa Freetown. Kama neno hili lilitoka Afrika, basi huenda watu hao ni miongoni mwa waliolirudisha bara, wakalishusha pwani nyingine kabisa, mbali na lilikopakiwa.

Msikilizaji wa Kiswahili hapa lazima masikio yamsimame. Tuta, tota, tot. Sisi nasi tuna "tuta". Leo wengi tunalijua kama nomino: tuta la viazi, matuta ya barabarani yanayovunja springi za daladala, na matuta ya mpirani timu zinapomaliza dakika 120 bila kupatikana mshindi. Yote hayo ni udongo, au mashaka, yaliyorundikwa. Tunacho pia kitenzi "tutika", kupanga vitu kimoja juu ya kingine, ingawa sijui kijana gani wa leo analitumia nje ya chumba cha mtihani. Baadhi ya kamusi za Kiingereza zinapoeleza asili ya tote hutaja tuta la Kimbundu na tota la Kikongo, kisha huongeza kwamba yana undugu na tuta la Kiswahili, kwa maana ya kurundika na kubeba. Hapo ndipo lile dai la kwenye simu lilipochomoza. Mtu alisoma "undugu", akaelewa "asili".

Na undugu upo. Lugha za Kibantu ni tajiri mno katika mambo ya mizigo, na zimegawana utajiri huo. Chukua "twaa" yetu. Mganda anasema okutwala, Mnyarwanda anasema gutwara, Mzulu anasema thwala, na wote wanazungumzia kuchukua au kubeba. Sisi tumeiangusha tu ile "l" ya katikati njiani. Chukua "twika". Mganda anasema okutikka kwa kumpandishia mwenzako mzigo, na okwetikka ni kujitwika. Mwingereza ana carry, na akitaka kukueleza zaidi itabidi aongeze maneno ya pembeni. Sisi kila hatua ya mzigo ina kitenzi chake.

Simama bombani asubuhi ukatazame. Mama amejaza ndoo ya lita 20. Amekunja kanga ikawa duara, ameiweka utosini, hiyo ndiyo ngata. Sasa hawezi kuinyanyua ndoo peke yake hadi kichwani bila kumwaga, kwa hiyo anamwita jirani: "Njoo unitwike." Wanainama wote wawili, mmoja huku mmoja kule, wanashika kitako cha ndoo, wanainua kwa pamoja hadi kifuani, kisha jirani anasukuma juu huku mwenye ndoo akiingiza kichwa chini yake. Twika ni kitenzi cha watu wawili. Ndiyo maana "jitwika" lina ladha ya ubishi ndani yake: mtu aliyejitwika madaraka kajipandishia peke yake, hakungoja jirani. Akifika nyumbani anaita tena, "Nitue." Serikali ya Tanzania ilipotafuta maneno ya kuelezea sera yake ya maji ilisema inataka kumtua mama ndoo kichwani, na hakuna aliyehitaji ufafanuzi, kuanzia bungeni hadi kijiweni. Ndege nayo hutua. Jua hutua. Rubani wa Boeing na mama wa bombani wanatumia kitenzi kimoja.

Kwa hiyo Mbundu aliyeshushwa Virginia alifika na msamiati wa mizigo ulioiva, na kazi aliyopewa ilikuwa kubeba mizigo. Ni jambo la kawaida kabisa kwamba neno lake la kazi lingebaki kazini. Lakini kusema "ni jambo la kawaida" bado si ushahidi, na aliyejitolea kuutafuta ushahidi anastahili tumweleze vizuri.

Jina lake Lorenzo Dow Turner, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1890. Mwaka 1929 alikuwa akifundisha masomo ya kiangazi katika chuo cha Orangeburg, South Carolina, akawasikia wanafunzi wawili wakizungumza Kigullah. Yeye ni msomi wa Kiingereza, na hakuelewa. Wakati huo wataalamu Wazungu walikuwa wameshafunga jalada la Kigullah: walisema ni Kiingereza cha kale cha wakulima, kilichoharibiwa na ndimi nzito. Ambrose Gonzales, mwenye gazeti wa South Carolina, alilieleza jambo hilo mwaka 1922 kwa maneno ambayo sitayarudia redioni. Hakuna hata mmoja wao aliyejua lugha ya Kiafrika.

Turner akafanya kazi ya miguu. Kuanzia mwaka 1932 alizunguka visiwani na mashine ya kurekodi, enzi ambazo mashine hiyo ilikuwa mzigo wa kutwikwa kwelikweli, akawarekodi wazee. Kisha, badala ya kukimbilia kuandika, akaenda London mwaka 1936 kusoma lugha za Kiafrika katika chuo cha SOAS, chuo kilekile ambako miaka ya 1930 mwimbaji Paul Robeson naye alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Turner alirudi na masikio mapya. Akagundua kwamba watu wa visiwani wana majina mawili, moja la shuleni na kwa Mzungu, jingine la nyumbani, wanaloliita jina la kapu. Wataalamu waliomtangulia walipewa la kwanza. Yeye, kwa kuwa mweusi na mwenye subira, alipewa la pili, na majina hayo ya kapu yalijaa Kiyoruba, Kimende, Kikongo na Kimbundu. Kitabu chake, Africanisms in the Gullah Dialect, kilitoka mwaka 1949 kikiwa na maneno na majina karibu 4,000. Ndani yake kuna goober, jina la karanga huko kusini, ambalo kwa Kikongo ni nguba. Na kuna tot, akalipanga pembeni ya tuta la Kimbundu na tota la Kikongo.

Neno hili lilikuwa na maisha marefu huko kusini, na si ya kupendeza daima. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wanawake Weusi wa miji kama Atlanta waliajiriwa kupika katika nyumba za Wazungu kwa ujira usiotosha hata kodi ya chumba. Jioni mpishi alitoka na sufuria au bakuli lililofunikwa kitambaa: mikate iliyobaki, mfupa wenye nyama, unga kidogo. Watu waliita desturi hiyo pan-toting. Kwa mpishi ilikuwa sehemu ya mshahara, nusu yake iliyolipwa kwa makombo. Matajiri wengi waliihesabu hivyohivyo walipopanga ujira, kisha wakigombana naye waliiita wizi. Ukitaka kujua tote ilibeba nini hasa, anza na sufuria ile kabla ya mfuko wa dukani. Oscar Hammerstein alipoandika mashairi ya tamthilia ya muziki ya Show Boat mwaka 1927 aliliweka neno hili kinywani mwa kuli Mweusi wa mto Mississippi, katika wimbo ambao Robeson aliupa umaarufu duniani, ila yeye alilitumia kwa tishari. Tishari huvutwa, halibebwi. Nadhani hakuwahi kufanya kazi gatini.

Haya, tuwasikilize wapinzani, maana wana hoja. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford haikulikubali dai la Afrika, na nyingine za Marekani hulitanguliza neno "labda".

Hoja yao ya kwanza ni idadi. Gavana Berkeley mwenyewe aliripoti mwaka 1671 kwamba Virginia ina watu zaidi ya 40,000, na kati yao watumwa Weusi ni 2,000 tu. Watu wachache hivyo wangewezaje kuwafundisha wengine 38,000 kitenzi cha kubeba? Ya pili ni jiografia. Neno hili limetumika tangu zamani katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa, kwenye baridi na misonobari, ambako njia za kupelekea vyakula na zana kwenye kambi za wakata miti ziliitwa tote road. Hata mfuko wetu una damu ya huko: kampuni ya L.L.Bean ya Freeport, Maine, ilitengeneza mwaka 1944 mfuko wa turubai wa kubebea mabonge ya barafu, na mfuko huo baadaye ukauzwa kwa jina la Boat and Tote. Huko Wagullah hawakufika. Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi: irabu. Kimbundu ina maana sawasawa, lakini ina "u". Kikongo ina "o" inayotakiwa, lakini maana yake ni kuokota. Ushahidi mzuri ungekuwa na vyote viwili katika lugha moja.

Ya Maine naijibu kwa haraka. Kati ya malalamiko ya Gloucester na kambi za wakata miti wa karne ya 19 kuna zaidi ya miaka 100, na neno linalofaa kazini husafiri na wafanyakazi. Ya irabu naikubali, ingawa katika vinywa vya watu wa lugha tano wanaofanya kazi shamba moja, "u" kuteleza ikawa "o" si muujiza.

Ya idadi siikubali kabisa, na sababu yangu imo katika uasi uleule wa Bacon. Januari 1677, miezi michache baada ya Bacon kufa, Nahodha Thomas Grantham alikwenda West Point, kwenye mto York, si mbali na Gloucester, kuwashawishi waasi wa mwisho waweke silaha chini. Wengi walikubali. Waliokataa, wakabaki na bunduki zao, walikuwa Waafrika wapatao 80 na watumishi Waingereza wapatao 20. Grantham aliwadanganya wapande mashua, kisha akawaelekezea mizinga. Fikirini watu hao. Watumishi Waingereza wa Virginia, waliofungwa kwa mikataba ya miaka, na watumwa wa Angola, walilala chini ya dari moja, walikata tumbaku ileile, walipasua magogo yaleyale, na walikuwa tayari kufa pamoja. Ukipimia watu wote 40,000 wa koloni, 2,000 ni kidogo. Pimia penye mzigo. Kwenye ncha ya gogo walikuwa wawili, mmoja wa Bristol na mmoja wa Ndongo, na neno linalohitajika hapo ni moja.

Kingine ambacho wapinzani hawakukipa uzito ni kwamba Kimbundu chenyewe kilikuwa hai upande ule wa bahari. Mjesuiti Pedro Dias aliandika sarufi ya Kimbundu iliyochapishwa Lisbon mwaka 1697, na hakuiandikia Luanda. Aliiandika Salvador, Brazil, ili mapadri wawaelewe watumwa. Huko si Virginia, najua. Lakini inaonyesha kwamba lugha hii haikufa melini.

Na upande wetu sisi, lile dai la Kiswahili? Halina miguu. Mnamo mwaka 1677 watumwa wa pwani yetu walikuwa wakipelekwa zaidi Arabuni, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hakuna njia inayoeleweka ya kulifikisha neno la Lamu au Kilwa katika ua wa shamba la Gloucester mwaka huo. Kiswahili ni ndugu katika kesi hii, anaruhusiwa kukaa mahakamani na kusikiliza, lakini si mdai. Tunapodai kila neno ni letu tunawafanyia Wambundu yale ambayo Gonzales aliwafanyia Wagullah: tunafuta jina lao na kuweka la anayepiga kelele zaidi. Mswahili ana mikopo yake ya kutosha kuisimulia bila kuazima ya Angola. Kariakoo yenyewe, Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, ni Kiingereza cha Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliotwikwa risasi na unga wa jeshi na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Hapo sisi ndio tuliopokea neno pamoja na mzigo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Naegemea Kimbundu. Siapi, lakini naegemea: maana inalingana, watu walikuwepo, kazi ilikuwepo, na Uingereza haina mzazi wa kutoa. Irabu bado ina deni. Anayekwambia jambo hili limekwisha, awe wa upande wowote, hajasoma vizuri.

Nina ombi moja kabla sijaaga. Turner aliweza kufungua kesi hii kwa sababu mtu mwingine, kabla yake, alikuwa ameshayaandika maneno ya Kikongo na Kimbundu. Holman Bentley alichapisha kamusi yake ya Kikongo mwaka 1887. Bila kazi kama hiyo, tot ya visiwani ingebaki sauti tu. Kwetu, maneno ya mizigo yanaondoka haraka, kwa kuwa mizigo imehamia kwenye bodaboda na maguta. Nenda kwa bibi au babu, uwe Unyamwezini, Mijikenda, Buganda, Bujumbura au Kivu, umuulize: kubeba kichwani mnasemaje? Mgongoni? Wawili kwa mti mmoja? Kubeba mavuno kidogokidogo kwa safari nyingi? Kumsaidia mtu kutua? Andika kila jibu na lugha yake, kijiji, mwaka, na umri wa aliyekujibu, kisha tutumie hapa kituoni. Wiki ijayo nitaanza kuyasoma hewani. Kwaherini kwa leo.